Namsaidia mdogo wangu chuoni, au ndiyo namzamisha?

Shangazi, shikamoo.

Naandika saa nane za usiku nikiwa nimekaa kwenye ngazi za hosteli. Kitandani kwangu amelala mdogo wangu, na sitaki mwanga wa simu umwamshe, maana akiamka ataanza tena kulia.

Nina miaka 24, niko mwaka wa tatu, nasoma uchumi katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Nyumbani ni Kasulu, Kigoma. Baba analima maharage na mihogo, mama anauza mawese sokoni. Tumezaliwa sita, mimi ndiye wa kwanza, na katika ukoo wetu mzima mimi ndiye niliyetangulia kufika chuo kikuu. Mwaka huu amenifuata mdogo wangu. Nimwite Rehema, ingawa silo jina lake. Ana miaka 20. Kidato cha sita alipata daraja la kwanza, pointi 8, tahasusi ya EGM, yaani uchumi, jiografia na hisabati. Maombi ya chuo nilimjazia mimi, kwa sababu yeye alikuwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kambi ya Bulombora, na simu hana. Nikaweka uchumi na takwimu, chuo changu hiki hiki, ili niwe naye karibu. Akachaguliwa, na mkopo akapata. Siku hiyo baba alichinja jogoo, kisha akanipigia: "Mwenzako huyo nimekukabidhi. Akifaulu umefaulu wewe, akifeli umefeli wewe."

Shangazi, mimi neno la baba nililichukua lilivyo. Nilimpokea kituo cha mabasi cha Magufuli, nikamfanyia usajili wote, yeye amekaa juu ya begi ananisubiri. Alipangiwa chumba katika hosteli ya ng'ambo ya barabara pamoja na wasichana watatu wa mwaka wa kwanza kama yeye. Wiki ya pili akaja na shuka lake mkononi, akasema kule hawezi kulala, wenzake wanaongea Kiingereza hata wakienda kuoga. Nikamwambia panda. Tangu Novemba nambeba, kitanda cha futi mbili na nusu, mmoja kichwa huku mwingine kule. Kitanda chake kule kipo tu. Mmoja wa wale wasichana, anatoka Masasi, aliwahi kuja na korosho kwenye mfuko kumuulizia. Nikamwambia amelala.

Kisha zikaja kazi za kuandika. Ya kwanza nilimwelekeza. Ya pili nilimrekebishia. Ya tatu, ilikuwa insha ya Masomo ya Maendeleo kuhusu Azimio la Arusha, niliandika mimi kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho kwa sababu ilibaki siku moja na yeye alikuwa hajaanza. Akapata alama nzuri. Mikroekonomia pia nikaandika, somo hilo nalijua. Lakini majaribio ya darasani siwezi kumfanyia. Hesabu amepata 5 kati ya 20. Takwimu 6 kati ya 20.

Na wiki tatu zilizopita likatokea jambo. Kwenye semina, mwalimu alishika ile insha ya Azimio, akamsimamisha Rehema, akamwambia awaeleze wenzake aya moja aliyoipenda. Rehema akasema, "I don't know, I forget," akakaa. Darasa likacheka. Mwalimu akamwambia apite ofisini kwake siku yoyote wazungumze. Hajapita. Na tangu siku hiyo hajakanyaga semina yoyote. Analala mchana kutwa, chakula anagusa, usiku analia. Juzi ameniambia: "Dada, mimi nirudi nyumbani nikasome ualimu pale pale Kasulu. Usimwambie baba mpaka nifike." UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zimebaki wiki nne.

Kuna jambo la fedha pia. Boom lake, fedha ya kujikimu ya mkopo, nilimwambia anitumie mimi kwenye simu nimtunzie, nampa elfu tano kila asubuhi. Desemba baba alipiga akasema mabati ya jikoni yameng'oka na mvua. Nikatuma laki mbili. Zilitoka kwenye fedha ya Rehema. Yeye hajui. Nilisema nitarudisha boom langu likiingia, na limeingia, na sijarudisha.

Na la mwisho, ambalo sijamwambia mtu. Mwaka wa kwanza mimi mwenyewe nilipata sapu mbili, mitihani ya marudio, za hesabu na takwimu. Septemba ile nilibaki Dar kuzifanya, nyumbani nikasema niko field, mafunzo kwa vitendo. Nilizifaulu. Ila hakuna anayejua, na Rehema ndiye asiyejua kabisa. Yeye amekua akiambiwa, "Mwangalie dada yako."

Sasa niambie, Shangazi. Nimpigie baba nimweleze ukweli? Nimwache Rehema apande basi? Au nimshikilie hivi hivi mpaka UE zipite, mengine tutayaona mbele? Nimechoka, na mimi nina tasnifu ya kumaliza. Wakati mwingine namkasirikia, halafu naona aibu kwa kumkasirikia.

Dada Mkubwa,
Dar es Salaam

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu, na pole kwa mbu wa ngazini.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwa wasomaji wangu waliosoma zamani au wasiopita vyuoni: kumbeba mtu ni kumlaza kitandani kwako hosteli wakati jina lake halimo katika chumba hicho. Kwa kawaida anabebwa aliyekosa chumba. Huyu wetu anabebwa akiwa na kitanda chake kilicholipiwa, ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo nilipoiweka chini barua, nikanywa chai kwanza.

Nikikuelewa vizuri, unaniuliza kama umwambie baba, umwachie mdogo wako aende, au umshikilie. Yote matatu ni maswali kuhusu wewe utafanya nini. Katika barua nzima Rehema amesema mambo matatu tu: kwamba hawezi kulala kule, kwamba "I don't know, I forget", na kwamba anataka kusoma ualimu. Mengine yote umeyasema wewe kwa niaba yake. Sikulaumu. Ulikabidhiwa mtu na baba yako kwa maneno mazito mno kwa binti wa miaka 24, na ukajitahidi kuyabeba. Lakini jaribu kuisoma barua yako kama vile imeandikwa na mtu mwingine, uone ni mara ngapi umemuuliza yeye kitu.

Nianze na yule msichana unayemwona hawezi. Umeniandikia wewe mwenyewe kwamba alipita Bulombora. Sisi wa zamani tulikaa JKT mwaka mzima kabla ya chuo, na utaratibu huo ulipokoma mwaka 1994 wengi walishusha pumzi. Siku hizi, tangu mwaka 2013 uliporudishwa, ni miezi mitatu. Lakini kwata ni kwata, mwanangu. Rehema ameamshwa na filimbi saa kumi alfajiri, amelala bweni moja na wasichana asiowajua kutoka mikoa yote, amekula alichopewa, na hakumkimbilia dada yake na shuka mkononi. Tena wewe hukuwapo, wala simu hakuwa nayo. Basi kwa nini wasichana watatu wa hosteli wamemshinda?

Sina jibu. Nina dhana. Kule hapakuwa na kitanda kingine cha kukimbilia. Huku kipo.

Na pengine kuna zaidi ya hapo, maana JKT ilikuwa na kengele, na shule ilikuwa na kengele. Mwanafunzi wetu anafika chuoni baada ya miaka 13 ya kuambiwa sasa amka, sasa andika, sasa kula. Mwalimu aliandika ubaoni, yeye akanakili, mtihani ukatoka katika yale aliyonakili. Chuoni anapewa muhtasari wa kozi siku ya kwanza, kurasa tatu nne. Humo mna kila kitu: mada za kila wiki, vitabu, tarehe za majaribio, alama zinavyogawanywa. Baada ya hapo hakuna atakayemkumbusha. Nakumbuka mwaka 1986 mhadhiri wetu wa kwanza aliandika majina ya vitabu saba ubaoni, akatuambia tuonane Jumatano, akatoka. Tulibaki tumekaa, tukidhani kuna sehemu ya pili. Nililia chooni wiki ile. Sikuwa mjinga, hata yeye si mjinga. Ni kwamba kuna kazi mpya ambayo hakuna aliyetufundisha kwamba ni kazi: kujipigia kengele mwenyewe.

Wewe uliijifunza kazi hiyo kwa sapu mbili. Yeye wiki hizi kumi kengele yake umekuwa wewe.

Kuhusu Kiingereza nitasema kidogo, kwa sababu ni jeraha la taifa zima na si la Rehema peke yake. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari ya kata ambako mwalimu naye alifundisha kwa kuchanganya, anaweza kupata daraja la kwanza na bado mdomo ukawa mzito. Kusoma na kuandika kwa lugha ni jambo moja, kusimama mbele ya watu arobaini ni jambo jingine. Nimewaona waliopona kwa njia ndogo sana: kabla ya semina anaandika sentensi mbili tu kwenye daftari, na akifika anazisoma mapema, kabla hofu haijapanda. Wiki inayofuata tatu. Waliocheka watacheka mara moja. Lakini huwezi kuzoea semina usiyokwenda.

Sasa ile insha. Unaitaja haraka kisha unahamia kwingine, mimi naomba tukae hapo kidogo. Kwa kanuni za vyuo, kuwasilisha kazi iliyoandikwa na mtu mwingine ni kosa la kitaaluma, kwa aliyewasilisha na mara nyingi hata kwa aliyeandika. Mkiamua kunyamaza mnaweza kupita salama, wengi hupita. Mnaweza pia kuitwa, na wewe una tasnifu mkononi na miezi michache ya kumaliza. Hiyo ni hatari moja.

Hatari ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Soma tena alichofanya yule mwalimu. Hakumwita mwizi. Alimwambia apite ofisini wazungumze. Huenda amejua, huenda hajajua, huenda ameona tu msichana anayetetemeka. Rehema amepewa mlango na mtu mzima mmoja chuoni asiye dada yake, na hawezi kuuingia kwa sababu ndani yake kuna insha yako. Akienda akasema kweli, kwamba alisaidiwa kupita kiasi na sasa anataka kuandika mwenyewe, anaweza kupoteza alama za kazi ile au kuchukuliwa hatua. Anaweza pia kupata mwalimu. Sitakwambia lipi litatokea, maana simjui mtu huyo. Ila uamuzi wa kwenda ni wake, nawe ukikubali kusimama nje ya mlango tu itakuwa umempa kitu ambacho hujampa tangu Novemba.

Tuje kwenye hesabu, ambako nadhani mnaogopa kuliko inavyostahili. Kwa utaratibu wa vyuo vyetu vingi, kazi za ndani ya muhula zina alama 40 na UE ina 60, na C huanzia 40. Tuseme Rehema ataingia UE ya hesabu akiwa na 14 tu kati ya 40. Anahitaji 26 kati ya 60 ili apite. Hiyo ni chini ya nusu ya karatasi, na wiki nne zinatosha kwa mtu wa EGM, kama atakaa na mitihani ya miaka iliyopita na wenzake watatu au wanne wanaohangaika na swali lile lile. Nasema wenzake, sisemi wewe. Angalieni kwanza kanuni za chuo chenu, kwa kuwa vipo vyuo visivyomruhusu mwanafunzi kukaa kwenye UE kama alama zake za muhula hazikufika kiwango fulani, na kama hilo lipo ni bora mlijue leo. Na akikosa, ipo sapu. Wewe unaijua sapu: hata ukipata 90 mara nyingi huandikwa C, unarudi Septemba, na maisha yanaendelea. Unaijua kuliko mtu yeyote katika familia yenu, na hujamwambia.

Hapa naomba ruhusa niulize bila kukuumiza. Insha ile uliiandika kwa ajili ya nani? Nilipofika mwisho wa barua, kwenye zile sapu zako, nilirudi mwanzo nikaanza kuisoma upya. Niliona binti aliyepita peke yake mahali pagumu, akaapa kwamba mdogo wake hatapapita. Ni upendo, sina shaka. Lakini Rehema anachokiona ni dada asiyewahi kuanguka, anayeandika insha kwa usiku mmoja. Kila unapomwokoa anapata ushahidi mwingine kwamba nyinyi wawili hamkuumbwa kwa udongo mmoja. Ungemwambia kuhusu Septemba ile uliyokuwa "field", sijui angekuchukuliaje. Anaweza kukasirika. Anaweza kulia kilio cha aina nyingine. Inawezekana pia ikamfikia baba kabla hujawa tayari, hilo nalo ulipime.

Laki mbili hizo sasa. Kwa kiwango cha sasa cha shilingi 10,000 kwa siku, boom la siku 60 ni laki sita, kwa hiyo umetoa siku ishirini za chakula chake. Wewe ulizituma kama mtoto anayesaidia nyumbani, na jiko la mama lilihitaji bati, nakuelewa. Lakini ile si fedha ya familia wala si zawadi ya serikali. Ni mkopo ulioandikwa jina lake, na akiajiriwa siku moja Bodi ya Mikopo itamkata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka uishe. Atalipia bati ambalo hakuulizwa. Halafu mtu anayepewa elfu tano kila asubuhi na dada yake, kwa fedha yake mwenyewe, ataanzaje kujiona mwanafunzi wa chuo kikuu? Kumrudishia yote kwa mkupuo, fedha na bajeti, kuna hatari yake, wapo waliomaliza boom wiki ya kwanza kwa viatu na chipsi kuku. Kuna njia za katikati. Mkae wawili na karatasi, ajue kilichobaki, ajue kilichotoka na kimekwenda wapi, ajipangie wiki moja kwanza aone.

Na anapotaka kurudi Kasulu. Nisingependa tulifute jambo hili kwa kusema ni hofu tu. Ualimu ni kazi njema, na chuo cha ualimu pale Kasulu kimetoa walimu wengi. Lakini wewe ndiye uliyejaza yale maombi, yeye yuko kwenye kwata. Je, uchumi na takwimu aliutaka? Au alikuwa na ndoto ya darasa tangu zamani na hakuna aliyemuuliza? Majibu hayo mawili yanaelekea njia tofauti kabisa. Kama ni ndoto, inastahili kuzungumzwa mchana, yeye akiwa ameshiba. Kama ni aibu ya siku ile ya semina ndiyo inayotafuta mahali pa kujificha, aibu hiyo inaweza kupanda naye basi ikashuka naye Kasulu.

Kama kuondoka kutakuwa ndiyo uamuzi, kuna kuondoka kwa mlango na kuondoka kwa dirisha. Mlango ni barua ya kuahirisha masomo, yenye sababu na vielelezo, ipitie kwenye idara na ofisi ya mshauri wa wanafunzi, ikubaliwe na chuo, na Bodi ya Mikopo ijulishwe, ili nafasi yake ibaki. Dirisha ni kufunga begi usiku na kupanda basi. Wa dirishani chuo humhesabu mtoro, na deni la mkopo alioshauchukua linabaki palepale. Kuhama kozi nako kuna dirisha lake dogo mwanzoni mwa mwaka, ambalo kwa sasa limeshapita, ingawa kuuliza ofisini si dhambi. Haya Rehema ayasikie kabla hajaamua, na ayasikie ofisini kutoka kwa wahusika. Akiyasikia kwako atadhani unamzuia.

Kabla ya yote hayo kuna jambo ambalo nitakuwa mkali kidogo. Mtu anayelala mchana kutwa, asiyekula, anayelia kila usiku kwa wiki tatu, huenda haogopi mtihani tu. Huenda anaumwa, na moyo nao huumwa kama tumbo. Nenda naye zahanati ya chuo au kwa mshauri nasaha wa ofisi ya mshauri wa wanafunzi, wiki hii. Muulize moja kwa moja kama amewahi kufikiri kujidhuru. Kuuliza hakumpi mtu wazo, kunampa nafasi ya kusema. Akisema ndiyo, usiku huo usimwache peke yake, mpeleke kwa wahudumu wa afya, na hapo sahau kila nilichosema kuhusu kitanda. Na hili la daktari ndilo pia litakalowasaidia kama itabidi kuahirisha, maana chuo huuliza vielelezo.

Kuhusu baba, sikwambii umpigie wala usimpigie. Ukimpigia bila Rehema kujua, atakuwa amepoteza mtu wa mwisho aliyemwamini. Ukinyamaza na mambo yakaharibika, utabeba lawama mbili. Ninalojiuliza ni kama simu hiyo lazima ipigwe na wewe. Baba ana watoto wawili chuoni, si mmoja na mzigo wake. Rehema anaweza kumwambia mwenyewe, hata kwa sentensi moja, kwamba chuo ni kigumu na hesabu hazijakaa sawa. Wazee wetu huwa wanahimili zaidi ya tunavyowadhania. Yule aliyesema "umefeli wewe" alisema akiwa na furaha, jogoo yuko chunguni. Sijui kama hata yeye anakumbuka alivyolisema.

Kumkasirikia kwako sioni la kuonea aibu. Umelala futi moja na robo tangu Novemba. Na sheria za hosteli unazijua, mkikaguliwa anayepoteza chumba ni wewe, wiki nne kabla ya mitihani yako. Ila usimfukuze usiku na shuka lake. Mnaweza kuanza kwa mchana, akasomee kule, arudi kulala, kisha Ijumaa moja alale kule aone kumekuchaje. Au mtafute mpango mwingine, nyinyi ndio mnaojua njia za hapo.

Na yule binti wa Masasi aliyekuja na korosho. Naye ni mwaka wa kwanza, mbali na kwao kama nyinyi, na hakuja kwa Kiingereza, alikuja na mfuko. Hosteli ni kuvuka barabara tu. Ukimaliza kusoma hapa, nenda kamgongee. Mwambie Rehema ameamka.

Shangazi